Rumeti wangu wa hoki anataka nitoke naye uwanjani usiku wa wahitimu. Naomba ushauri, uzi ni mrefu

Mtoto wa Ziwani ameandika:

Wakuu huu uzi nimeuandika mara tatu nikaufuta, leo nauacha. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kujibu, na kama jambo lenyewe hulitaki hata kulisikia pita tu kimya, sitakulaumu.

Mimi ni kijana wa Mara, nimekulia kando ya ziwa, nina miaka 23 na sasa hivi niko mwaka wa mwisho chuo kimoja Marekani, kaskazini kabisa mwa Michigan, kule Upper Peninsula. Chuo sikitaji. Nilikuja Agosti 2021 kwa skolashipu ya kukimbia, sio yote ni nusu, mbio za nyika na mita 10,000. Kwetu ukianza tu kukimbia vizuri wazee wanakutajia Suleiman Nyambui, maana ni mtu wa Majita, alienda kusoma Texas El Paso akabeba mataji ya vyuo, akaja kuchukua medali ya fedha Olimpiki ya Moscow 1980. Baba alikuwa ananisimulia kama anamsimulia mjomba wake. Kwahiyo siku napanda ndege kila mtu pale nyumbani alishaijua stori yangu yote, nasoma, nakimbia, narudi, naoa. Rumeti hakuna aliyemfikiria, hata mimi.

Sa ngoja niwaeleze hiki chuo. Ni kidogo, michezo yetu yote iko daraja la pili la NCAA, chama cha michezo ya vyuo, isipokuwa hoki ya barafu, hiyo peke yake iko daraja la kwanza na ndio dini ya mji mzima. Ijumaa na Jumamosi usiku ikiwa na mechi ya nyumbani hupati hata mtu wa kukuuzia soda, wote wako uwanjani. Na wachezaji wa hoki wanaingia chuo wakubwa, wengi wanamaliza sekondari halafu wanacheza ligi za vijana mwaka mmoja au miwili huko miji ya mbali wanaishi kwa familia za watu, ndio wanakuja. Kwahiyo unakuta mwaka wa kwanza mimi mtoto wa 19 nimepangiwa chumba na jamaa wa miaka 20 mwenye ndevu, hana jino la mbele, kilo 95. Kawaida hoki wanalala na hoki wenzao ila mwaka huo idadi yao ilikuwa witiri, akabaki mmoja, wakamleta kwangu. Nitamwita Beki, ndio namba anayocheza. Ni Mkanada, kwao ni upande wa pili wa ziwa Superior, ukisimama ufukweni kwetu unaangalia kwao ila huoni kitu ni maji tu.

Hatukufanana hata kidogo. Mimi nalala saa tatu na nusu, naamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia. Yeye wakitoka mechi za ugenini basi linawafikisha saa kumi alfajiri ya Jumapili, yaani yeye anaingia kulala na mimi ndio nakaribia kuamka kwenda mbio ndefu. Mimi kitanda nakitandika kama jeshini. Yeye nguo zake zilikuwa zinaishi sakafuni. Fimbo za hoki kila kona, na ile tepu yao ya kitambaa wanayozungushia fimbo anaichana usiku, chraaa, chraaa, halafu tepu iliyotumika anaikunja inakuwa kama mpira wa makaratasi anautupia chini ya kitanda changu. Na glavu zake jamani. Kuna wiki alizileta chumbani kuzishona akaziweka juu ya hita zikauke, nililala na shati usoni. Mimi nikajibu kwa dagaa. Mama alinipa kilo mbili za dagaa wakavu nikawa nawahifadhi kabatini kwenye ndoo, yeye akawa anafungua dirisha huku nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Mwezi mzima tulikuwa tunaongea kwa madirisha tu, huyu anafungua huyu anafunga.

Kilichotupatanisha ni ubishi wa ziwa. Nilimwambia Victoria ndio ziwa kubwa, nimekua nalijua hivyo. Akacheka akaniambia Superior ndio kubwa. Tukatafuta, kweli, Superior lina kilomita za mraba kama 82,000 na Victoria kama 68,800, la kwanza na la pili duniani kwa ukubwa wa eneo kwa maji baridi. Kesho yake akaja na karatasi kachora maziwa mawili kabandika ukutani, lake na langu, katikati kaweka mstari wa ndege. Hiyo karatasi bado ninayo.

Baada ya hapo akaanza kujifunza Kiswahili, kila siku neno moja. Neno alilolipenda ni pole. Nilimweleza kwamba pole sio kuomba msamaha, unampa mtu hata kama hujamkosea, akachoka unampa, akiugua unampa, akijikwaa unampa. Akasema kwao hamna neno hilo. Akawa analitumia hadi pasipohusika, nimeshinda mbio ananiambia pole. Nikaacha kumsahihisha.

Sasa Novemba 2022 nikaumia. Muundi wa kushoto ulipata ufa, ule wa kukimbia kupita kiasi, daktari akanipa magongo wiki sita. Kule theluji kwa msimu inafika zaidi ya mita 5 sehemu nyingine, na bweni letu liko chini ya kilima, madarasa juu. Siku ya tatu viganja vyangu vilikuwa vimechubuka vinatoa maji, sikumwambia mtu. Jumamosi hiyo Beki alikuwa ugenini, basi masaa saba. Akaingia saa kumi alfajiri kama kawaida, mimi niko macho ila nimefumba. Nikamsikia hapandi kitandani. Nikafungua jicho kidogo. Amekaa sakafuni na koti bado amevaa, simu ameibana mdomoni inamulika, magongo yangu ameyalaza mapajani. Akabandua ile sponji ya mshikio, akavuta tepu ndefu, akaisokota mpaka ikawa kama kamba, akaizungusha kwenye mshikio kwa kupanda juu kama nyoka kwenye mti, halafu juu yake akafunika na tepu bapa taratibu, anabonyeza kwa dole gumba kila mzunguko. Ni vilevile anavyofunga fimbo zake. Alipomaliza moja akaangalia mkono wangu uliokuwa unaning'inia, akanyoosha wake akaupima bila kuugusa, hivi, kiganja kwa kiganja na nafasi katikati. Akaona amefunga nene. Akabandua yote akaanza upya.

Nimetembelea yale magongo mpaka Krismasi na viganja vikapona. Sikumwambia kwamba nilimwona.

Machi 2023 tulikuwa jiko la chini la bweni anajifunza kusonga ugali, anakoroga kama anapiga makasia. Akasema bila kuniangalia kwamba wenzake wa timu wamepata nyumba ya kupanga mwakani na wamemwekea nafasi ila yeye amejaza fomu abaki na mimi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema unajua kwa nini. Nikasema ndio najua. Ugali ukashika chini, tukala ukoko.

Ni karibu miaka miwili sasa. Wazazi wake wanajua tangu Krismasi ya mwaka juzi, nilienda kwao, mama yake alinipa soksi za sufu na baba yake akanipeleka kuvua samaki kwenye tundu la barafu, hakuongea masaa matatu halafu akasema "karibu tena". Nahodha wa timu anajua na wengine watatu wanne. Waliobaki nadhani wanahisi. Kwenye chumba chao cha kubadilishia nguo kuna maneno ya kuwadhihaki watu kama sisi yanatumika kama utani kila siku, sio na watu wabaya, na hao hao wanaompenda. Kuna siku alirudi akaniambia leo wamelisema mara tisa, nimehesabu. Hajawahi kuwaambia kitu. Hilo linamla kuliko mechi yoyote waliyofungwa.

Sasa ishu yenyewe. Jumamosi ya wiki ijayo ni mechi yao ya mwisho nyumbani, usiku wa wahitimu. Wanatandika zulia kwenye barafu, kila mhitimu anatoka na wazazi wake, mtangazaji anasoma majina, mama anapewa maua, mnapiga picha. Ameniomba nitoke naye, mama yake kushoto, baba yake kulia, na mimi.

Na mimi naogopa picha. Mdogo wangu wa kike anaufuata ukurasa wa michezo wa chuo kwa ajili ya kutafuta picha zangu za mbio, akizipata anazituma kwenye grupu la ukoo ambalo lina watu mpaka wa Ukerewe. Nikikataa namuumiza mtu ambaye hajawahi kuniomba kitu. Nikikubali sijui narudije Musoma. Naombeni mawazo.

---

Kaka wa Mabibo ameandika:

Nimesoma yote kama ulivyoomba. Mdogo wangu usitoke. Sikuambii hivi kwa chuki, hapana, nakuambia kama kaka. Wewe unajua kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kinyume na maumbile, adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Hata ukisema tendo lenyewe halijathibitishwa, mtaani hawahitaji ushahidi wa mahakama, wanahitaji picha moja tu. Picha ikishatoka haiitwi tena irudi. Mzazi wako ndiye atakayeenda sokoni Jumatatu watu wakimnyooshea vidole, wewe uko huko mbali na theluji yako. Mpende mwenzio ndani ya nyumba yenu, uwanjani waachie wazazi wake.

---

Mkimbiaji wa Ngong ameandika:

Mimi nimesoma huko pia, mbio za kuruka viunzi na maji, hio ya kuamka asubuhi rumeti analala naijua sana. Wacha nikwambie kitu kuhusu marumeti. Jason Collins wa NBA alicheza Stanford, rumeti wake huko alikuwa Joe Kennedy, yule alikuja kuwa mbunge wa Massachusetts. Mwaka 2012 huyo Kennedy, ambaye si mmoja wa sisi, aliandamana kwa gwaride la mashoga la Boston. Collins alikuwa bado amejificha. Aliandika baadaye kwamba alifurahia rafiki yake lakini alikasirika pia, kwa sababu mwenye gwaride lilikuwa lake hangeweza hata kusimama kando ya barabara kushangilia. Aprili 2013 akajitangaza kuwa shoga. Na hata kabla ya hapo alikuwa anavaa jezi namba 98 na watu hawakujua maana yake, ilikuwa ni mwaka Matthew Shepard aliuawa, 1998, kijana shoga wa chuo cha Wyoming.

Nasema hivi kwa sababu kuna njia ya kusimama hapo na usiseme kila kitu. Hio namba 98 ilisema na ikanyamaza wakati mmoja. Usidhani ni mambo mawili tu, kutoka ama kukataa. Kwetu Kenya mahakama kuu tarehe 24 Mei 2019 ilikataa kufuta kifungu cha 162, kinachofanana na hicho chenu, kwa hivyo naelewa hofu yako sana, si ya kuchekwa.

---

Ustaadh Mpole ameandika:

Kijana, imani yangu hainiruhusu kukwambia endelea, na sitakudanganya. Lakini nimeisoma habari ya magongo na nimekaa nayo. Nitakuombea salama yako na ya wazazi wako. Neno langu ni moja, mama yako asije akaambiwa na grupu. Chochote utakachoamua, mama asiwe wa mwisho kujua, tena kwa kinywa cha jirani.

---

Mama Wawili Minneapolis ameandika:

Mwanangu pole kwanza, na hapa nimelitumia mahali pake.

Mimi nakaa Minnesota mwaka wa 19 huu, mtoto wangu wa pili anacheza hoki kwahiyo hizi sherehe nazijua. Ngoja nikupe mambo ya kufanya maana naona wote mnaongea moyo tu.

Kwanza, yale majina anayosoma mtangazaji hayajui yeye, anasoma karatasi iliyojazwa na mchezaji mwenyewe. Kwahiyo mwenzio ndiye anaamua kinaandikwa nini. Pili, picha zinapigwa na watu wa ofisi ya habari za michezo ya chuo. Hawa ni watu wa kuongea nao, mara nyingi ni vijana wanafunzi, waambie mapema kwamba kwa sababu za kifamilia picha yenye sura yako isiende mtandaoni. Waombe kwa maandishi. Mashabiki wenye simu huwezi kuwazuia ila wao wanapiga mchezaji wao, hawakujui wewe. Tatu, mdogo wako wa kike umemwongelea kama hatari, mimi kwa nilivyosoma naona ndiye mtu anayekufuatilia kuliko wote.

Nne na hii ndio kubwa. Una viza ya F-1, ya mwanafunzi, na unamaliza Mei. Omba ruhusa ya kufanya kazi ya mwaka 1 baada ya chuo, kama somo lako ni la sayansi au hesabu unaweza kuongezewa miezi 24. Na kaonane na wakili wa uhamiaji sasa, sio Juni. Maombi ya hifadhi ya ukimbizi sheria inataka yawe ndani ya mwaka mmoja tangu uingie, wewe umepitisha, lakini mtu aliyekuwa na viza halali muda wote huwa ana hoja ya kujieleza. Usisikilize wa mtaani, hata mimi usinisikilize, msikilize wakili. Vyuo vingi vina ofisi ya sheria kwa wanafunzi, ulizia.

---

Mtoto wa Ziwani ameandika:

Nasoma zote. Kaka wa Mabibo nimekuelewa na sijakasirika. Mama Wawili asante sana, hiyo ya karatasi ya majina sikuijua. Mkimbiaji hiyo ya 98 nimemsomea Beki, alikuwa anaijua jezi hajui stori ya gwaride, amekaa kimya muda mrefu.

---

Mbongo wa Toronto ameandika:

Hoki ndio nchi yangu ya pili sa acha niongee. Watu wanashangaa kwa nini huyo Beki hasemi kitu wenzake wakitukana. Mpaka leo hii NHL, ligi kuu ya hoki, haijawahi kuwa na mchezaji aliyeingia kwenye barafu kwenye mechi ya ligi akiwa ameshajitangaza. Hata mmoja. Luke Prokop alijitangaza Julai 2021 akiwa na mkataba wa timu ya Nashville, ni wa kwanza kwa mwenye mkataba, ila amekuwa ligi za chini. Na mwaka 2023 ligi ilipiga marufuku tepu ya rangi za upinde wa mvua, alama ya mashoga, TEPU jamani, hiyo hiyo ya kuzungushia fimbo, Travis Dermott wa Arizona akaivaa kwenye fimbo yake hivyohivyo mwezi wa kumi, siku chache baadaye ligi ikaondoa marufuku. Niliposoma habari ya magongo ndio nikaikumbuka hiyo.

Ila wa kwako hasa ni Brendan Burke. Alikuwa meneja mwanafunzi wa timu ya hoki ya chuo cha Miami, ile ya Ohio. Baba yake Brian Burke alikuwa anaendesha timu ya Toronto Maple Leafs, mzee mkali kweli, unamwona tu unaogopa. Brendan aliwaambia familia, akaiambia timu, Novemba 2009 ikatoka hadharani. Timu ilimpokea. Wachezaji wale walisema wenyewe walianza kujichunga midomo, sio kwamba kuna mtu aliwafokea, ni kwamba sasa wanajua neno linamwangukia nani. Februari 5, 2010 akafa kwenye ajali ya gari kwenye theluji, miaka 21. Kaka yake ni mmoja wa walioanzisha You Can Play mwaka 2012, shirika la kupinga ubaguzi wa mashoga michezoni. Na yule mzee mkali amekuwa akitembea kwenye gwaride hapa Toronto. Sikwambii utoke. Nakwambia kwamba chumba cha kubadilishia nguo kinabadilika kwa mtu mmoja anayejulikana, sio kwa bango la ukutani.

---

Kaka wa Mabibo ameandika:

Mbongo stori nzuri ila hao wote wana pasipoti za huko. Michael Sam naye alimbusu mwenzake kwenye televisheni siku ya kuchaguliwa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, 2014, mwenzake mwenyewe alikuwa mwogeleaji wa chuo hichohicho Missouri, ndio mapenzi ya chuo hayo. Ikawa nini? Alichaguliwa namba 249 na hajacheza hata mechi moja ya msimu wa kawaida. Na huyo ni Mmarekani kwao. Dogo wetu ana nusu skolashipu na mama Musoma.

---

Binti Pangani ameandika:

Nimesoma uzi wote mara mbili, na kuna kitu hakuna aliyeuliza. Mtoto wa Ziwani umetuambia Beki anataka nini. Mama yake anataka nini. Ukoo utasema nini. Wewe unataka nini? Toa picha, toa grupu, toa Ukerewe. Kama taa zingezimika na hakuna simu hata moja, ungetaka kutoka kwenye hilo zulia?

---

Mtoto wa Ziwani ameandika:

Binti Pangani nimeshindwa kulala kwa hili swali lako.

Ndiyo. Ningetaka. Nimekaa kiti kilekile misimu minne, mstari wa tisa nyuma ya goli, kabla ya mechi anapita anagonga kioo mara mbili kwa fimbo na watu wote wa mstari ule wanadhani anawagongea wao. Ningetaka mara moja tu niwe upande wa ndani wa kioo.

Tumegombana kidogo ila wakuu. Nilimwambia sitoki, akasema sawa, na ile sawa yake ilikaa siku tatu nyumbani. Anaosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa. Nitarudi.

---

Kaka wa Mabibo ameandika:

Rudi na mrejesho. Na kuwa makini.

---

Mtoto wa Ziwani ameandika:

MREJESHO

Samahani nimechelewa, nilikuwa na mbio za ndani na mtihani.

Siku ya nne nilimwonyesha Beki huu uzi. Nilikaa naye nikamtafsiria mmoja mmoja, mpaka Kaka wa Mabibo. Nilijua atakasirika kwa Kaka, hakukasirika, alisema huyu ndiye anayekujali kuliko wote hapa. Ustaadh pia nilimsomea. Halafu nikamsomea lile swali la Binti Pangani na jibu langu. Akasema yeye hataki picha, hajawahi kutaka picha, anachotaka ni kwamba siku hiyo nisiwe kwenye viti.

Tukafanya kama Mama Wawili alivyosema. Wazazi wake walizunguka ziwa wakafika Alhamisi, na Ijumaa asubuhi mama yake mwenyewe akaenda ile ofisi ya habari na barua. Kijana wa kule alisoma, akauliza kitu kimoja tu, kama wangependa wapigiwe moja ya karatasi isiyoingia mtandaoni. Mama akasema ndiyo.

Jumamosi uwanja ulijaa. Nilivaa koti la baba yake, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, na viatu vyangu vya kawaida ambavyo ndio nilikuwa naviogopa kuliko watu elfu kadhaa, maana misimu minne na bado natembea kwenye barafu kama ng'ombe kwenye matope. Tulisimama kwenye ule mlango wanaopitisha Zamboni, gari la kulainisha barafu, kunanuka petroli na mpira. Beki yuko mbele yetu na skeiti, ananizidi karibu kichwa kizima na nusu. Hakugeuka nyuma. Aliweka tu mkono mgongoni kwake, glavu imefunguliwa kiganja, na mama yake akanisukuma kidogo.

Kwenye karatasi alikuwa ameandika mwenyewe. Mtangazaji akasoma jina lake, mji wake, somo lake, akasema anasindikizwa na, akasoma jina la baba, jina la mama, halafu akasema, na rumeti wake.

Hilo tu. Jina langu halikusomwa, ni mimi peke yangu usiku ule niliyetembea kwenye zulia bila jina. Na nilivyokuwa nimeogopa miezi yote hii nilidhani ningejisikia nimefichwa. Sikujisikia hivyo. Ni neno nililopewa Agosti 2021 kwenye barua ya bweni, na ni kweli, kila siku tangu hapo limekuwa kweli.

Zulia linaishia kama mita moja kabla ya pale wanaposimama timu, ile mita ni barafu tupu. Akanishika kiwiko. Timu nzima walikuwa wamejipanga kwenye mstari, na kwao makofi ni kugonga fimbo chini, kwahiyo wakaanza kugonga fimbo kwenye barafu, ta ta ta ta, unausikia mpaka kwenye meno. Walimgongea kila mhitimu usiku ule. Sisi walitugongea sawasawa na wengine, hawakuzidisha wala hawakupunguza. Nahodha alimwangalia Beki akatikisa kichwa mara moja basi.

Mechi walifungwa.

Picha ya karatasi ninayo, iko kwenye boksi la viatu vyangu vya mbio pamoja na ile ya maziwa mawili. Wakili nimeshaonana naye mara ya kwanza. Yale maneno ya chumba cha kubadilishia sijui kama yamepungua, Beki anasema wiki hii hakuhesabu.

Na jana mdogo wangu wa kike amenitumia ujumbe, anauliza mbona ukurasa wa chuo umejaa hoki tu na mimi sionekani, niko wapi. Nimemjibu nitampigia Jumapili baada ya mbio ndefu, yeye peke yake, sio grupu. Akaniandikia sawa kaka, nitakaa nje kwenye mwembe ndio kuna mtandao.